Namna Tulivyoliposa Jiko la Kayna

Wadogo zangu mnaoshika depo la vipuri sasa, nianze na mipira. Ile mipira midogo ya mviringo inayozuia gesi isivuje kwenye maungio, msiitundike kwenye misumari. Najua inapendeza ikining'inia ukutani, kila saizi na msumari wake, na mgeni akiingia anaona depo la mtu mwenye akili. Mimi niliitundika hivyo nilipokuwa mgeni wa kazi. Baba Paluku, aliyekuwa mtunza depo kabla yangu, akaingia, akatazama ukuta mzima, akanisifu. Kisha akashusha mmoja, akauvuta kidogo, ukakatika mkononi mwake kama mkate wa jana.

"Umeinyonga," akasema. "Mupira haiko shati, Masika. Ilaze, ipumuzike."

Basi mipira inalazwa. Inapakwa poda ya watoto, inawekwa ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mbali zaidi na panya, maana panya wa Butembo wanapenda mpira kuliko mahindi. Poda hatujawahi kukosa. Maternité, nyumba ndogo ya uzazi kama yetu ya Vulamba, inaweza kukosa umeme, maji na hata chumvi, lakini poda ya watoto iko.

Nyote mnalijua lile jiko la gesi lililoko katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mmelikuta likiwaka na mnadhani limewaka siku zote. Ni jiko la kupasha chumba joto tu, hamtaliona likipika kitu. Wamisionari wa zamani ndio walioyaleta mawili, mapacha, ndani ya sanduku moja la mbao. Moja lilibaki hapa, la pili likaenda Kayna, kwenye nyumba yao ya wageni. Wamisionari walikwisha rudi kwao. Majiko yakabaki, bila anwani ya mtu wa kuuliza vipuri.

Wengine mmeniuliza mwanamke aliyeachia shule darasa la sita aliingiaje kazi ya bomba na bisibisi. Niliingia nikiwa na mtoto kifuani. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, na mama akafa akimzaa Muhindo, mdogo wetu wa mwisho. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu kuna Kambale, kuna Kavira, halafu huyo Muhindo, ambaye alizaliwa mdogo hivi kwamba angelala ndani ya kiatu cha baba. Mtoto wa namna hiyo hukaa ngozi kwa ngozi na mama yake. Yeye hakuwa na mama, basi muuguzi akanifunga naye kifuani kwa kikwembe, akanikalisha kando ya jiko, akaniambia, "Usitoke hapo." Sikutoka. Kambale na Kavira walikuwa wakiletwa mlangoni na jirani, wananipungia mkono, wanarudi.

Baba Paluku alikuja kulifanyia jiko usafi nami nimekaa pale. Akanipa tochi nimshikie, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Akaona namulika mahali anapotazama, simuliki usoni mwake. Mtoto alipopata uzito, Baba Paluku akaniuliza kama nataka kazi ya kufagia depo. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Na kwa mshahara wa depo lile wadogo zangu walikula, wakavaa, na wakasoma kupita pale nilipoishia mimi.

Sasa tufike kwenye mambo ya mikono. Tundu la gicleur, kile kipande kidogo cha shaba kinachopima gesi, msilizibue kwa sindano. Sindano inapanua tundu, nanyi hamtaona kwa macho kwamba limepanuka. Mtaona ukuta unageuka mweusi. Tumieni unywele wa ufagio, ule laini. Kabla ya kulaumu kipuri chochote, chunguzeni buibui. Sijui gesi inanukia nini kwao, lakini hakuna anayependa bomba la moto uliozimwa kama buibui, na utando mmoja unatosha kuzuia jiko lisiwake. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni. Atakayeutafuta kwa kiberiti atauona, ndiyo, ila hatatusimulia. Na dirisha la juu lisifungwe kabisa hata akina mama wakilalamika baridi, wala bomba la moshi lisiwekewe kitambaa. Ndege hujenga humo. Mtoeni ndege kwa heshima, lakini mtoeni.

Kuna kile kidole chembamba cha shaba kinachosimama ndani ya moto mdogo. Kinaitwa thermocouple. Kikisikia joto kinaruhusu gesi ipite, kikipoa kinafunga. Ndiyo maana moto ukizimwa na upepo chumba hakijai gesi. Hicho kinakufa mara kwa mara, kwa hiyo kiwe depo siku zote, na mkia wake msiukunje kona kali. Uzungusheni mpana, kama mnavyozungusha nyoka mnayeogopa kumwamsha.

Vipuri vyetu vingi vilitoka kwa Mama Kahindo wa Beni, mwenye duka katika mtaa wa Beu. Yeye aliviagiza Uganda, vikaingia kupitia mpaka wa Kasindi pamoja na chupa za gesi. Mwanamke mwema, mcheshi, na hatari. Siku moja alinitumia gicleur mpya. Nikaifunga, ikaingia vizuri kabisa, nikawasha: moto mrefu wa njano, kama wa kuni mbichi. Nikazima, nikafungua madirisha yote, nikampigia.

"Mama Kahindo, umenitumia nini?"

"Gicleur, Yaya," akajibu, maana aliniita dada mkubwa hata akiniuzia takataka.

"Hii ni ya kuchomea mbuzi!"

"Mais, iliingia?"

"Iliingia."

"Donc ni yake. Batu ya Butembo, baridi inawafanya mukuwe na hasira. Shukeni Beni mupate jua kidogo."

Ilikuwa ya gesi ya aina nyingine, tundu lake pana. Tangu siku hiyo nilimtumia kipuri cha zamani kwanza, kimefungwa uzi mwekundu, alinganishe. Nanyi fanyeni hivyo. Kuingia na kufaa ni mambo mawili, na muuzaji anaona moja tu.

Lakini kuna kipuri ambacho hata uzi mwekundu haukukisaidia.

Kwenye jiko lenu mna kichwa cha shaba chenye kifundo cha kuzungusha. Gesi yote hupita humo kabla haijafika motoni. Kilipata ufa. Mwanzo ulikuwa ufa wa kutokwa povu dogo, baadaye povu likawa la kuchekesha, halafu halikuchekesha tena, nikalizima jiko. Nilituma kichwa kile Beni. Mama Kahindo akakitembeza Beni nzima, akakituma mpaka Kampala, kikarudi na uzi wake.

"Yaya," akaniambia kwenye simu, na mara ile hakutania sana, "banasema batu benye kutengeneza hii walikufa. Batoto yao banatengeneza simu."

Mafundi wetu wa kuchomelea wakajaribu. Shaba ile ilikuwa imezeeka, kila ilipozibwa hapa ikapasuka pale. Nani angekubali kitu cha namna hiyo kipitishe gesi katika chumba cha watoto? Muuguzi mkuu, Tantine Espérance, alikuwa akiwafunga watoto wote vifuani mwa mama zao na kuchemsha maji ya kujaza chupa za kuwapasha joto mchana kutwa. Aliweza wakati wa jua. Mvua zilikuwa zinakuja. Wakubwa wa maternité walisema, bila ukali wowote, kwamba jiko lisipowaka kabla ya mvua, chumba kitafungwa, na mtoto atakayezaliwa kabla ya wakati atapelekwa hospitali kubwa, ng'ambo ya mji.

"Kwa pikipiki," Tantine Espérance akaniambia tukiwa wawili. "Na ile matope ya Vulamba. Masika, tafuta."

Hapo ndipo nilipokumbuka pacha wa Kayna.

Nyumba ya wageni ya Kayna ilikuwa imefungwa zamani. Wamisionari walipoondoka walimpa jiko mpishi wao, Mzee Kasereka, awe nalo nyumbani. Muhindo, aliyekwisha kuwa kijana mzima, alikuwa na rafiki dereva wa Fuso la viazi. Tukapanda, mimi na yeye, tukapita Lubero kwenye ukungu ule ambao hata mbuzi wanaonekana kama mapadri, tukafika Kayna tumekauka midomo.

Mzee Kasereka alitupokea vizuri. Alikuwa mrefu, koti la suti juu ya sweta, kofia ya sufu. Jiko lilikuwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa kuna redio. Halikuwa linawaka, gesi ya kuweka humo angeitoa wapi? Lakini lilikuwa limefutwa vumbi hata katikati ya meno ya wavu. Nilipoona kichwa chake cha shaba, kizima, kinang'aa, nilisahau adabu. Hatukuwa tumemaliza hata chai, nikatoa bahasha mezani. Sisi watu wa Butembo tumekulia sokoni, tunadhani kila mlango unafunguliwa hivyo.

Mzee aliitazama bahasha kama mtu aliyeona chura mezani.

"Hii ni nini?"

"Ni ya jiko, Mzee. Tunahitaji kipande kimoja tu, tutakifungua sasa hivi..."

"Mutamukata hapa? Mbele yangu?" Akasimama, akanyoosha viganja viwili mbele ya jiko. "Bibi yangu, marehemu, alikuwa anakaa hapa, kila siku, mikono hivi. Miaka yote alipika na mimi kwa bazungu, na siku banaenda, banatupatia huyu. Munakuja na enveloppe! Batu ya Butembo, mutauzisha hata kivuli. Rudisheni salamu kwenu."

Alitusindikiza mpaka barabarani, akatufungia mahindi ya kuchoma ya njiani, maana adabu yake haikuwa na kasoro. Lakini jiko lilibaki.

Fuso lilituchukua kurudi kwa njia ile ile ya Lubero. Siku zile mimi nilikuwa katika shughuli za kumuoza. Alikuwa amempata msichana, Kavugho, na kwa kuwa hatuna wazazi, mimi ndiye niliyekuwa baba na mama wa kupeleka posa. Mbuzi mkubwa wa posa alikuwa amekwisha nunuliwa, amefungwa nyuma ya nyumba yetu, akila maganda ya ndizi kwa kiburi cha ajabu.

"Yaya," Muhindo akasema, "umesikia yule Mzee anaitaje jiko?"

"Anaitaje?"

"Yeye hapana sema 'ile'. Anasema 'huyu'. Wewe uliingia kwa mutu mwenye binti na ukatoa bei."

Nikaisukuma ile bahasha ndani zaidi ya mkoba.

"Tumupeleke mbuzi yangu," akasema.

"Na Kavugho?"

"Kavugho ana miguu na mimi niko na miguu, hatutakimbia. Batoto ya kile chumba hawana." Kisha akacheka peke yake. "Na mimi nililala pale kwanza, Yaya. Kabla ya kulala kwa mwanamke yeyote."

Nilimpiga begani kwa matusi hayo, nikageuza uso dirishani.

Lakini msidhani lilikuwa jambo dogo. Wazee wa upande wa Kavugho walikuwa wametupangia siku. Ilibidi niende kwao nieleze kwamba mbuzi wa binti yao anakwenda kuposa jiko. Baba yake Kavugho alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama naumwa. Mwishowe Kavugho mwenyewe, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, akatoka na kijiko mkononi: "Papa, wacha bapeleke. Ningejua anaweza kuacha batoto bapate baridi, ningemukatala." Tukapewa ruhusa ya kungoja mavuno ya viazi.

Tulirudi Kayna kama watu. Baba Paluku, aliyekuwa amestaafu na magoti yamekufa, alikubali kuwa msemaji, akavaa tai. Tantine Espérance alikuja kwa upande wa wanawake. Tulikuwa na mbuzi, jerikani la kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wanaokunywa, kreti ya soda kwa Waprotestanti wetu. Hatukuingia. Tulisimama nje ya ua, kama inavyotakiwa, tukabisha hodi, tukangoja.

Mzee Kasereka alitoka mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akamtazama mbuzi. Nikaona mdomo wake unakaza ili usicheke. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amevaa viatu vya kanisa, na majirani wawili wazee wamemfuata.

"Munatafuta nini hapa kwangu?" akauliza kwa sauti kubwa.

Baba Paluku akakohoa. "Tulikuwa tunapita, tukaona ua jema. Tukasikia mu nyumba muko binti."

"Mabinti ni wengi Kayna."

"Huyu anakaa karibu na dirisha. Ana redio kichwani."

Majirani wakaanza kutikisika. Mzee hakucheka.

"Muposaji ni nani? Sioni kijana."

"Haiko kijana. Anakaa Vulamba, umri wao ni mumoja. Anaumwa kidogo moyoni."

"Ana kazi?"

"Analinda batoto, mwaka muzima, hapana congé, hapana kupumuzika."

"Anakunywa?"

"Gaz tu."

"Alibatizwa?"

"Kila mvua, Mzee. Paa yetu inavuja."

Hapo mmoja wa majirani alishika ukuta. Mzee Kasereka akainamisha kichwa, mabega yakacheka kabla ya uso, kisha uso nao ukakubali. Akatukaribisha ndani. Tulipokaa, akawa mzito tena, akaweka mkono juu ya jiko.

"Munamutwala muzima," akasema. "Hapana kumukata hapa. Na kule kwenu, asiitwe ferraille, chuma ya kutupa. Siku mukiondosha kitu kwake, hata musumari, munaniambia. Mimi ni baba."

Baba Paluku akamwahidi. Mzee akaondoa redio, akakunja kile kitambaa cha marehemu mkewe, akanipa mimi, wala hakumpa msemaji. Tulilifunga jiko kwa blanketi, tukalipandisha Fuso juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha barabarani mmoja wa vijana waliokuwa wakikilinda alimulika mzigo, akauliza ni nini. Muhindo akajibu, "Bibi arusi." Kijana akafunua blanketi, akaliangalia, akamwangalia Muhindo kwa huruma nyingi, akatupisha bila kuomba chochote.

Kichwa cha shaba nilikifungua asubuhi, mlango wa depo wazi, mvua ya kwanza ikinyesha uani. Nikakifunga kwenye jiko letu na mpira mpya, uliolala kwenye poda. Nikapaka povu, nikangoja, povu likakaa kimya. Chumbani palikuwa na mama mmoja na mtoto wake kifuani, wamefunikwa blanketi mpaka masikio. Niliwasha ule moto mdogo, nikashikilia kifundo mpaka kidole cha shaba kisikie joto. Hapo ndipo mtu hujua kama amefanya kazi au amecheza, anapoachia. Nikaachia. Moto ukabaki. Ukawa wa bluu, mfupi, kama ninavyoujua tangu nilipofungwa na Muhindo mahali pale pale. Yule mama hakujua chochote kilichotokea. Alisema tu, "Ah, kuko vizuri," akashusha blanketi kidogo tukaona kichwa cha mtoto.

Nilimpigia Mzee. "Tumetoa kichwa cha shaba," nikasema.

"Aliumia?"

"Hapana, Mzee. Kinafanya kazi."

"Sawa," akasema. "Ahsante kuniambia."

Viazi vilipovunwa tulimpata mbuzi mwingine, tukamuoza Muhindo. Mzee Kasereka alishuka Butembo kwa harusi hiyo bila kualikwa rasmi, kwa kuwa mkwe haalikwi, akivuta mwana-mbuzi mweupe aliyezaliwa na yule wa posa. Baba yake Kavugho alipoelezwa ni mwana wa mbuzi yupi, alikaa chini. Kabla ya kula, Mzee aliomba kuonyeshwa chumba. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi, akaweka kiganja ubavuni mwa jiko letu, pale ambapo joto ni la kuvumilika.

"Anakula vizuri?" akaniuliza polepole, asiwaamshe watoto.

"Anakula vizuri, Mzee."

Akabaki ameweka mikono hivi, kama alivyotuonyesha mkewe alivyokuwa akikaa, mpaka wakaja kumwita chakula kimepoa.

Siku hizi njia ya Kayna si ya kupita ovyo, na Mzee amekwisha zikwa kando ya mkewe. Binti yake wa kuzaa yuko, simu yake inaita kukiwa na mtandao. Tangu harusi ile nimetoa kwa pacha wa Kayna wavu wa mbele na miguu miwili, na kila mara nimepiga simu Kayna. Mtalikuta mwisho wa depo, upande usiovuja, limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Siku moja mtahitaji kile kidole chake cha shaba, au bomba, na mtakuwa na haraka, na kutakuwa na mtoto anangoja. Tieni mkono, fungueni, msiogope. Lilikuja kwa kazi hiyo. Lakini mkimaliza, moto ukishakaa, futeni mikono mpige simu Kayna. Semeni mmetoa nini. Watauliza kama aliumia, na nyinyi mnajua la kujibu.